Maana Imetolewa na Mwalimu Andongwisye

Jumanne, 8 Juni 2004. Tunduma.

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Pasaka sijakuandikia hata sentensi moja. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Nilikuwa nimeposa.

Naam! Mimi, Andongwisye, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mgane wa muda mrefu. (Watu wa hapa husema "mjane" hata kwa mwanamume. Kosa. Mwanamume ni mgane. Nimelisema hilo kanisani na sokoni, na bado.)

Niliyemposa ni Marita, mjane kutoka Ibaba, mwenye mgahawa kando ya uwanja wa malori. Yeye anauita hoteli. Nimemweleza mara nyingi kwamba hoteli ni pa kulala na mgahawa ni pa kula. Hunijibu kwa kuniongezea mchuzi. Kwa hiyo hatujafikia mwafaka.

Jibu la posa bado. Alisema nisubiri hadi bati jipya lipigiliwe na hoteli ifunguliwe upya, maana mtu hawezi kufikiria mambo mawili chini ya paa linalovuja. Sentensi safi. Haina kosa lolote. Huirudia kila asubuhi ninapotembea kwenda kunywa chai kwake, ukungu ukiwa umeyameza malori yote, zikibaki taa zao tu zinazoelea kama vijiji vya mbali.

Sasa habari ya jana. Kapembwa, dereva wa lori kutoka Kasama, alikula wali kwa kuku wa kienyeji. Kisha njegere. Kisha ndizi. Kisha akaomba wali tena. Mwishowe akaegemea ukuta, akalegeza mkanda, akafumba macho na kusema Kiingereza kirefu. Neno moja lilibaki hewani baada ya mengine kutua: surfeit. Madereva wenzake wakacheka. Marita akauliza maana yake nini.

Yonathani alikuwepo. Yonathani yupo daima. Aliwahi kuwa karani wa mawakala wa mizigo, na huvaa tai hata anapokwenda kununua nyanya. Husema anafuata maharage ya Marita. Maharage! Alifungua mdomo ajibu. Nikamwahi.

Nilisema ni neno la kale la Waingereza, la wafalme na watunga vitabu, na maana yake ni neema inayofurika.

Sikuwa nimewahi kuliona neno hilo. Lakini lilisikika hivyo. Mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote husikia maana kama mkunga asikiavyo mtoto.

Marita alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akasema basi hilo ndilo jina la hoteli. Macho yake yakanitua usoni na kukaa. Yonathani akaomba kijiti cha meno.

Nani hapa mpakani angethubutu kunibishia Kiingereza? Mwaka ule wa mwisho kazini mkaguzi alipita shuleni na orodha ya walimu. Mbele ya majina ya wenzangu hakuandika kitu. Mbele ya jina langu aliandika neno moja: superfluous. Super! Muhula uliofuata nikapumzishwa kwa heshima, kabla ya umri wangu, nadhani ili vijana wasione haya. Sijapata kuwaambia watu. Sipendi majivuno.


Alhamisi, 10 Juni

Bango limepanda! Lilichorwa na Yahaya, mtu wa Ujiji, fundi wa maandishi ya malori. Mara ya kwanza aliandika SAFETI. Alidai ndivyo madereva wanavyolitamka, na kwamba neno hilo amelichora nyuma ya malori mengi bila malalamiko. Nilimfutisha. Nikamwambia herufi ni dhamana, na anayeipunguza ni mwizi sawa na mwizi wa mahindi. Akachovya brashi, akaandika nilivyomtajia. S, U, R, F, E, I, T. Rangi ya buluu, kivuli cha njano.

Marita alisimama chini ya bango na kanga yake mabegani, ukungu ukimpita. Herufi zilionekana kama zinaning'inia mbinguni bila ubao. Aliniomba nitoe hotuba siku ya ufunguzi, Jumamosi ya wiki ijayo: maana ya neno hilo, na jinsi waandishi wa zamani walivyolitumia. Akasema baada ya hotuba ndipo atanipa jibu langu.

Baada ya hotuba! Yonathani alijitolea kufungua kwa sala. Akaambiwa mchungaji yupo.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Sikumbuki nilipita wapi.


Ijumaa, 11 Juni

Balaa.

Kamusi yangu ya Kiingereza haina jalada. Hukaa chini ya godoro, juu ya suruali, kwa ajili ya kuzinyoosha. Leo nimeitoa ili niitayarishe hotuba. Nanakili nilichokiona. Kwanza: kula au kunywa kupita kiasi. Pili: ugonjwa utokanao na ulafi huo. Tatu: kinyaa kinachofuata. Chini yake imesimuliwa kwamba mfalme mmoja wa kale alikufa kwa neno hilo, baada ya kula samaki fulani wembamba kama nyoka ambao tabibu alikuwa amemkataza.

Kwa Kiswahili sanifu: kuvimbiwa.

Juu ya mlango wa mwanamke niliyemposa tumeandika KUVIMBIWA. Kwa buluu. Kwa kivuli cha njano!

Nilisoma tena, nikitumaini kwamba herufi zitaona haya na kubadilika. Hazikubadilika. Lakini palikuwa na maelezo mengine yaliyonikalisha kitandani. Kwamba neno hili ni la kizamani, na kwamba watunga vitabu walilitoa mezani na kulipeleka kwingine. Wakaandika juu ya mtu aliyepata huzuni hadi akaizoea kama kiti. Mtu aliyesikiliza ngoma hadi akatamani ukimya. Moyo uliokula asali, ukala, ukala, kisha ukageuza uso.

Nikajiuliza kama sisi tunalo neno kama hilo. Tunalo! Kukinai. Kitenzi cha ajabu. Aliyekinai ametosheka, na aliyekinai amechoshwa. Nyumba moja yenye milango miwili: mtu huingia kwa shibe, hutokea kwa kinyaa, na katikati hapo sijui kuna chumba gani. Pengine ndicho chumba ambacho wanadamu wote wanakitafuta. Je, Marita akinikubali, nitakunywa chai yake asubuhi ngapi kabla ya kukinai? Nilijaribu kuziona asubuhi hizo. Zilikuja moja moja, nyeupe, zikifuatana kama malori katika foleni ya mpaka, na mwisho wa foleni sikuuona.

Nikasinzia. Nikaota lori lisilo na magurudumu likipita polepole juu ya milima ya Ileje, limejaa wali. Marita yuko juu, anapakua kwa koleo. Mimi nakula, sishibi, na sijali.

Niliamka nikiwa na mkunjo wa suruali shavuni.

Uamuzi: bango lishuke kabla ya ufunguzi. Na kukiri je? Haiwezekani. Mwalimu akikiri kosa moja, wanafunzi huanza kuyakagua mengine.


Jumamosi, 12 Juni

Nilimwendea Yahaya karakanani. Nikamwambia nimefikiri upya, na kwamba SAFETI, kwa kweli, lilikuwa na utamu wake. Aliweka brashi chini. Akauliza kama ninamjaribu. Nikasema hapana. Akasema tangu Alhamisi halali vizuri kwa sababu ya maneno yangu, kwamba ameanza kuyakagua malori yote aliyoyachora, na kwamba jana alimfuata dereva hadi mizani ili kumwongezea herufi ya H.

"Mwalimu wangu," alisema, "ulisema herufi ni dhamana. Leo unataka niibe?"

Hili ndilo tatizo la kufundisha. Mara moja moja mtu hujifunza.

Nimenunua msasa.


Jumapili, 13 Juni

Alfajiri, kabla ya kanisa. Ukungu mzito kiasi kwamba nilipoinua mkono, mkono haukuwepo. Nilipanga kreti za soda chini ya bango. Nikapanda. Nikaanza kusugua kutoka mwisho, kama mtu anavyosoma kwa kurudi nyuma.

Ilikuwa kazi tamu, nakiri. Rangi ilidondoka kama unga wa buluu na kupotea kabla ya kufika chini. T ikaondoka. I ikaondoka. Nilihisi niko peke yangu duniani, na kwamba neno na mimi tunafutika pamoja bila maumivu. E ikaondoka. Hapo ndani mtu akakohoa. Kikohozi cha Marita! Kreti zikacheza. Nikashuka kwa njia ambayo sikuwa nimeipanga.

Kanisani niliimba sauti ya nne, nimesimama kwa mguu mmoja.


Jumatatu, 14 Juni

Limebaki SURF.

Sikujua kwamba kuna sabuni ya unga yenye jina hilo. Wanawake wa Nakonde wanaijua. Walivuka mpaka asubuhi na mabeseni, wakapanga mstari mlangoni pa Marita. Aliwaambia hapa ni hoteli, kuna chai na viazi. Wakasema wamesoma bango, wauziwe sabuni. Mmoja aliketi kabisa, akatangaza kwamba yeye hawezi kuona jina mlangoni na kuambiwa bidhaa haipo, hiyo ndiyo tabia ya Tunduma. Marita alimpa chapati. Mwanamke yule alikula, akasema sabuni ipo, amekataliwa tu.

Marita amekasirika. Sijapata kumwona hivyo. Hapandishi sauti, anakata vitunguu vikubwa vikubwa. Aliuliza nani amemharibia bango lake. Watu wakamtazama Yonathani, kwa sababu tai yake ilikuwa na doa la buluu. Maskini aliegemea ubao siku rangi ilipokuwa mbichi. Aliapa kwa majina ya wazazi wake. Mimi sikusema ni yeye. Nilisema tu kwamba buluu ni buluu.

Kisha Marita akageuka, akanitazama mguu, akaniuliza mbona nachechemea. Nikasema ni baridi.

Alimwita Yahaya. Akasema mbao zinapanguswa, ukuta haupanguswi. Aandike upya kwenye ukuta wenyewe, upande wa barabara kuu, kwa herufi za kimo cha mtu. Nilisema si lazima. Akasema ni lazima, na kwamba chini ya neno iandikwe maana yake, ili watu wasiombe sabuni. Na chini ya maana, jina la aliyeitoa.


Jumatano, 16 Juni

Nimeuona ukuta. Nanakili:

SURFEIT. NEEMA INAYOFURIKA. MAANA IMETOLEWA NA MWALIMU ANDONGWISYE.

Rangi nyekundu! Jina langu ni kubwa kuliko KARIBUNI ya mlangoni. Hata Y ya mwisho-mwisho haikukosewa. Yahaya alikuja kunishika mkono, akasema sasa analala.

Malori ya Zambia yanapunguza mwendo. Madereva wanasoma, wanapiga honi, wanacheka, wanashuka, wanakula. Wengine wanaulizia mwalimu mwenyewe yuko wapi. Mimi hupita nimeshusha mwavuli hadi masikioni ingawa hakuna mvua.

Nikaona hatari ni moja tu iliyobaki: Yonathani. Yule anajua Kiingereza cha forodha, lazima analijua neno, na bila shaka anangoja siku ya hotuba ili anitie aibu mbele ya Marita. Nikaamua kumwahi. Nilikwenda kwake na mkungu wa ndizi. Nikamwomba kama mtu mzima kwa mtu mzima. Nikasema najua kwamba anajua, kwamba neno lile ni kuvimbiwa, kwamba hata wafalme wamekufa kwalo, lakini amwonee huruma Marita, asiseme.

Yonathani alipokea ndizi. Kisha akaniomba nirudie, polepole.

Alikuwa hajui! Alidhani ni neno la barabara, linalohusu lami. Wiki nzima amekuwa akiwaeleza watu kwamba serikali itaitengeneza njia ile.

Alinisindikiza hadi barabarani. Hajapata kunisindikiza. Alikuwa akipiga mluzi. Ndizi akabaki nazo.


Ijumaa, 18 Juni

Kesho. Nimeandika hotuba mara nyingi na kuichana. Siwezi kusema uongo wenye makosa ya sarufi, na kila nikiunyoosha uongo, sarufi inakataa. Nimebaki na sentensi moja nzuri kuhusu asali.

Mchana nilikwenda kuchungulia. Marita alikuwa peke yake, anachambua mchele juani. Jua la baridi, lile lisilo na joto. Alikuwa akiimba Kindali, lugha ya kwao Ibaba, kwa sauti ndogo. Punje zilikuwa zikirushwa na kurudi kwenye ungo, zikirushwa na kurudi, na nilisimama nyuma ya lori la mbolea nikitamani zisirudi haraka.

Nilitaka kwenda kumwambia. Miguu ilishaanza. Halafu nikafikiria uso wake alipolirudia neno lile siku ya kwanza, akiliamini kwa kuwa limetoka kwangu. Nikageuka.


Jumamosi, 19 Juni

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Watu walijaa. Mchungaji aliomba. Bati jipya liling'aa, na kila mtu alilisifu kama kwamba amelizaa. Yahaya alikaa mbele, kofia safi, akiutazama ukuta wake. Kapembwa alikuja na madereva wenzake. Yonathani alivaa tai mpya.

Nilisimama. Nikasema kuna maneno ambayo ni kama mito: hayajui kusimama kwenye kingo. Nikasema waandishi wa kale walilitumia neno hili kwa chakula, wakalitumia kwa huzuni, wakalitumia kwa mapenzi. Nikasema sentensi ya asali. Nadhani waliguswa. Mwanamke mmoja alipangusa macho, ingawa alikuwa karibu na jiko. Kwa muda mfupi mimi mwenyewe nilisahau kwamba nilikuwa nikidanganya. Nililiona neno likipanda juu ya vichwa vyetu, jekundu, pana, halina hatia, na chini yake sote tumeshiba.

Yonathani akanyoosha mkono. Akaomba, kwa unyenyekevu, Mwalimu atusomee maana kutoka kwenye kamusi, kwa faida ya vijana. Kamusi aliileta mwenyewe. Ina jalada.

Nilitazama mlango. Ulikuwa mbali, na ulijaa watoto.

Ndipo Marita alipotoka jikoni, upawa mkononi.

"Kaa chini, baba Yonathani, wali unapoa. Maana tunaijua. Ni kuvimbiwa."

Watu wakageuka wote. Alisema aliambiwa siku ile ile na Kapembwa, kabla hajapanda lori. Kapembwa alimwambia, mama, nimevimbiwa, na kosa ni lako. Kapembwa aliinua mkono kuthibitisha, mdomo umejaa.

Mtu mmoja nyuma akauliza, sasa kwa nini kuandika ugonjwa ukutani. Akajibu bila haraka, akimtazama aliyeuliza, lakini nilihisi anasema nami.

"Mwaka mmoja kule Ibaba viazi vilioza ardhini kwa mvua. Sisi watoto tulikuwa tukilala tumejifunga kanga tumboni, tunaambiana tumekula nini. Mdogo wangu Ikupa alikuwa mwongo kuliko wote. Alikuwa akisema, mimi leo nimevimbiwa, ndugu zangu, nisaidieni kumaliza. Nasi tunanyoosha mikono gizani, tunamsaidia. Basi mimi siliogopi neno hilo. Nalitaka liandikwe kubwa."

Hakuna aliyecheka. Kisha Kapembwa akapiga meza kwa kiganja, na wote wakapiga. Wali ukaletwa. Walikula kana kwamba wamepewa amri. Yonathani aliweka kamusi yake chini ya kiti. Aliongeza maharage mara mbili.

Mimi nilikwenda kunawa. Marita alikuja na birika, akanimiminia maji. Alisema kwa sauti ya chini kwamba msasa wangu uko jikoni, aliuokota Jumapili, nikitaka niuchukue. Nilitazama maji.

"Mwalimu," alisema, "mimi sikuwa nangoja unipe neno. Nilikuwa nangoja uniambie hulijui."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilijua. Ulimi wangu ulikuwa tayari, na ukasema kwamba ilipaswa iwe "hukulijua", kwa kuwa tendo limekwisha kupita.

Aliendelea kumimina hadi birika likaisha.

Baadaye kidogo nilimkumbusha kuhusu jibu. Akasema bado anafikiri. Paa halivuji tena, nikamwambia. Akasema anajua.


Jumanne, 22 Juni

Heri! Nimepewa nafasi ya pili.

Marita anafungua hoteli nyingine huko Mkwajuni, kwa wachimbaji wa dhahabu na vijana wa pikipiki. Wateja wamezidi tangu ukuta ule uandikwe. Leo asubuhi ameniita, akaniwekea chai mwenyewe. Kapembwa alikuwepo, anangoja karatasi zake zitoke. Nje ukungu ulikuwa bado haujaamua.

Alisema anataka jina la Mkwajuni, na liwe la Kiingereza kama ndugu yake wa hapa. Akaninyooshea sukari. Akasema taratibu kwamba kama sina neno nimwambie sina, na kama nina neno lakini sina hakika, nimwambie sina hakika. Hatakasirika. Atafurahi. Alirudia: atafurahi.

Wema ulioje! Niliguswa kiasi kwamba nikaamua kumpa neno ambalo sijapata kumpa mtu. Sikulisikia kwa dereva. Niliandikiwa mimi mwenyewe.

Nikamtajia. SUPERFLUOUS HOTELI. (Nimekubali hoteli. Mapenzi yana gharama zake.)

Aliuliza maana yake. Nikasema bora kupita bora. Kapembwa chai ikamwingia puani. Alipopata pumzi aliniuliza, bashikulu, nani alikuambia hivyo. Bashikulu ni babu kwao, ni heshima. Nikamweleza habari ya mkaguzi na orodha, na jinsi jina langu tu ndilo lililoandikiwa. Nikaeleza nilivyopumzishwa. Marita alikuwa ameacha kupangusa meza.

Kapembwa aliweka kikombe chake chini. Akasema, kwa Kiswahili chake kile kisicho na ngeli:

"Huyo mtu iko ilikosea, bashikulu. Wewe hapana mtu ya ziada."

Sikumsahihisha. Nilimwona amehuzunika, nikajua ni wivu, nikamsamehe. Si kila mtu huandikiwa.

Marita akaniuliza kama nililiangalia neno hilo katika kamusi. Nikacheka. Niangalie ya nini neno lililokuwa mbele ya jina langu! Hakucheka. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya kwanza, na zaidi, kiasi kwamba nilisahau mkono wangu uko wapi, na nilipouona ulikuwa chini ya wake.

Kisha akaniomba nimwazime kamusi yangu, ile isiyo na jalada. Alisema kuna kitu anataka kukiona kabla ya kunijibu. Nimempelekea mara moja. Nadhani ana kitambaa cha meza cha kunyoosha. Suruali zangu zitateseka, lakini ni kwa siku chache.

Nilipokuwa natoka alisema nisimpe mtu mwingine neno lile kwanza. Nilikuwa nimeshampa, njiani nilipokwenda kuchukua kamusi. Yahaya ana herufi zote tangu asubuhi, amezihesabu mbele yangu, na amenunua rangi ya dhahabu kwa ajili ya wachimbaji. Alisema ni neno refu, ataanza mapema.

Sasa nimekaa dirishani. Malori hayaonekani, yanasikika tu yakinguruma ndani ya weupe, kama watu wanaosafisha koo kabla ya kusema. Kwa mbali, weupe unapopasuka kidogo, naona mlango wake uko wazi na taa inawaka ingawa ni mchana. Amekaa mezani, ameinama juu ya kitu.

Akishaamua, daftari langu, wewe ndiwe wa kwanza nitakayekuandikia.